Njia Isiyo na Alama

Mtu akikwambia kwamba kupaka mawe rangi ni kazi ya asiye na kazi, mpeleke msituni siku ya ukungu, umwache huko nusu saa pasipo na alama. Akirudi, kama atarudi, atakuwa na adabu. Maneno hayo Mama Alama alikuwa nayo mdomoni tayari kwa kila aliyemcheka, na katika miaka ishirini na miwili waliomcheka walikuwa wengi, wa kwanza wadogo zake mwenyewe, walioona kwamba dada yao ameajiriwa na ofisi ya msitu ili achezee rangi kama mtoto wa chekechea.

Waliomcheka hawakuijua kazi. Kila asubuhi alivaa mabuti yake, akabeba kopo la rangi nyeupe, brashi mbili, panga na msumeno wa mkono, akaingia msituni kukagua njia tatu: ya kileleni, ya mtoni, na ile fupi iliyoitwa ya watoto ingawa wazee ndio waliokuwa wengi humo. Alama zake zilikuwa mstari mmoja mfupi kwenye jiwe au kwenye shina, na hakuziweka ovyo. Ukisimama kwenye alama moja sharti uione ya pili, lakini ya tatu usiione. Ukiziona tatu kwa pamoja, alisema, miguu inaingiwa na tamaa, inakata kona, na kona ikishakatwa na mmoja leo, kesho kutwa ni barabara. Tawi lililoinamia njia alilikata karibu kabisa na shina, kwa mshazari, ili maji ya mvua yateremke yasiozeshe mti. Wengine wote pale ofisini walikata kama wanakata kuni. Ukiuona mshazari ule msituni, basi umeona saini yake.

Msitu wenyewe ulikuwa mlimani juu ya mji, na ulikuwa wa watu wote. Lango lilikuwa moja, likifunguliwa alfajiri na kufungwa jua linapoanza kushuka, na ulichotakiwa kutoa ni jina lako tu. Jina hilo liliandikwa na mlinzi wa lango, mwanamume mwembamba aliyeitwa Bwana Daftari, ambaye swali lake lilikuwa lile lile mwaka nenda mwaka rudi: "Mko wangapi?" Idadi iliyoingia sharti iwe sawa na idadi iliyotoka, la sivyo usiku hapati usingizi. Mkewe alipomletea chakula cha mchana, Bwana Daftari alimwandikisha: mmoja, ameingia, sababu, sufuria. Bwana Daftari alikuwa rafiki wa ujana wa marehemu mume wa Mama Alama, ndiyo maana wakaitana shemeji.

Mume huyo alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Mguu wake wa kushoto uliangukiwa na gogo akiwa karakanani, ukapona vibaya, na tangu hapo alitembea na fimbo. Kileleni hakupata kufika hata siku moja. Jioni moja, mkewe akimsimulia jinsi mawingu yalivyokuwa chini ya miguu yake, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema, bila uchungu wowote, kwamba yeye katika msitu huo anayoyajua ni matope ya mabuti tu yanayorudi nyumbani.

Maneno hayo yalimkaa Mama Alama moyoni kama kibanzi kwenye kidole. Alikuwa amewafungulia njia watu asiowajua, walimu, wachumba, watalii wenye kofia, na mume wake mwenyewe akabaki mlangoni. Basi akaanza kutafuta. Karibu na mwisho wa njia ya watoto, nyuma ya ukuta wa matete, palikuwa na bwawa dogo ambalo watu hawakulijua, lililozungukwa na ardhi chepechepe ambamo maji ya chemchemi yalijichuja kabla ya kuteremka kwenye mabomba ya mji. Ukisimama ukingoni uliuona mlima mzima ndani ya maji. Toka njiani hadi pale palikuwa na hatua mia mbili tu.

Akazifungua hizo hatua mia mbili. Hakupaka hata alama moja, kwa sababu njia hiyo haikuwa ya ofisi. Lakini alikata matawi kwa kimo cha bega la mumewe, na kwenye tope akapanga mawe kumi na tisa, yakiwa yamekaribiana ili mguu mbovu usilazimike kuruka. Seremala naye akatengeneza kiti cha ubao cha watu wawili, bila msumari, upande mmoja ukiwa juu kidogo ili aweze kuinuka bila kuomba mkono. Siku walipokiingiza, Bwana Daftari aliandika "wawili" kisha akawa na shughuli kubwa ya kugeuza ukurasa mpaka kiti kilipokwisha kupita.

Wakawa wanakwenda kila Jumamosi, chupa ya chai, maneno kidogo. Miaka mitatu. Kisha seremala akaugua kwa wiki mbili akafa, na Mama Alama akaendelea kwenda peke yake. Bwana Daftari hakumuuliza tena swali lake. Alimfungulia lango tu, kana kwamba kila Jumamosi ni siku ya kazi.

Sasa, mtu wa kawaida akiwa na njia yake ya siri, huacha majani yaifunike. Mama Alama hakuweza. Mkono uliozoea hauna breki. Tawi likianguka, aliliondoa. Jiwe likizama, alilirudisha. Hakufanya kusudi, alifanya kama mwingine anavyonyoosha shuka akipita kitandani. Na njia iliyotunzwa vile hutaikuta imekaa kimya. Walianza wachumba wawili waliopotea, wakafuatia wenye simu za kupiga picha, na baada ya mwaka wa nne picha za bwawa zilikuwa zimesambaa mji mzima. Jumamosi moja akakuta kundi la watu kumi na wawili, viatu vimevuliwa, watoto wanarukaruka kwenye matete. Walimsalimu vizuri, wakamsogezea nafasi kwenye kiti cha mumewe. Alikaa. Alijiambia wana haki, msitu ni wao. Hakujiambia lile lingine, kwamba ardhi iliyokuwa laini kama sponji ilikuwa imekanyagwa ikawa tope tupu.

Mwaka wa sita mabomba ya mji yakaanza kutoa maji ya rangi ya chai.

Mkuu mpya wa msitu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, msafi, asiyependa kupoteza muda. Akaufuata mto kutoka kwenye bomba hadi juu, akalikuta bwawa. Wiki hiyo hiyo akaita mkutano kwenye banda la lango, watu wakajaa hadi nje. Akaeleza bila kupaza sauti. Wananchi wametoka kwenye njia zilizowekwa, wamejifungulia njia yao, wameharibu chanzo cha maji wanayokunywa wao wenyewe. Kwa hiyo kuanzia mwanzo wa mwezi ujao lango litafungwa kwa umma. Atakayetaka kuingia ataomba kibali na kupewa mtu wa kumwongoza, na vibali vitakuwa vichache.

Kisha akainua tawi lililokatwa. Akasema huu si ukorofi wa mpita njia, huyu ni mtu aliyekuja na vifaa vyake.

Mama Alama alikuwa amesimama nyuma. Aliuona mshazari kutoka hapo alipokuwa. Bwana Daftari naye aliuona, akainamisha uso kwenye daftari lake ambalo saa hiyo lilikuwa limefungwa.

Watu walinung'unika, na aliyesema kwa niaba yao ni fundi cherehani, jirani wa Mama Alama, mama mnene mwenye sukari ambaye daktari alimwamuru atembee kila asubuhi. Alisimama, akavuta pumzi, akasema, "Mkuu, mimi njia ya watoto naijua kuliko chumba changu. Nikitembea barabarani nagongwa na pikipiki. Nikitembea uani nazunguka kama kuku. Lango ukilifunga, hii sukari niipeleke wapi? Ofisini kwako?"

Watu walicheka, lakini Mkuu hakucheka. Akajibu kwa heshima kwamba anasikitika, kwamba maji ya watu elfu nyingi ni makubwa kuliko matembezi ya mtu mmoja. Na hapo, tuseme ukweli, hakukosea.

Watu walipotawanyika, Bwana Daftari alimvuta Mama Alama pembeni. Akamwambia kwamba yeye macho yake ni ya kusomea majina tu, matawi hayajui, na kwamba yeye pia ana ukurasa wake alioufunika siku ile ya kiti. "Shemeji, wamebaki na tawi tu," alisema. "Tawi halisemi."

Hilo lingetosha kumtuliza mtu mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichomla Mama Alama kilikuwa mikononi mwake. Alitembea kurudi nyumbani na fundi cherehani akitweta kando yake. Mwenzake hakulalamika tena. Alimshukuru. Alisema, "Yale mawe uliyoyapanga kwenye kijito cha njia ya watoto, dada, ukayasogeza karibu karibu, mimi nilidhani umenipangia mimi. Bila hayo nisingevuka." Kisha akaingia kwake kupasha pasi moto.

Mama Alama alikaa kwenye kitanda chake na mabuti miguuni. Akisema, njia itauawa, na kiti, na Jumamosi. Sehemu pekee duniani ambapo bado alikuwa mke wa mtu ingefukiwa. Asiposema, lango litafungwa, yeye mfanyakazi ataendelea kuingia, na mji mzima utaambiwa kwamba hauna adabu, kwa kosa lake yeye. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na hasira hiyo ilikuwa ya kujikasirikia.

Asubuhi alikuwa ofisini kabla ya Mkuu. Aliweka msumeno juu ya meza, na kando yake tawi jipya alilolikata njiani, kwa mshazari. Mkuu alipoingia akavitazama, akaenda kabatini akatoa lile tawi la mkutano, akaliweka la tatu. Hakuna aliyehitaji maelezo.

"Mama," alisema hatimaye, "bango la 'Usitoke Njiani' pale langoni nani aliliandika?"

"Mimi. Kwa mkono huu huu."

Akakaa. Akamuuliza kwa nini, naye akamsimulia yote, mguu, bwawa, mawe kumi na tisa, bila kujipamba. Kijana alisikiliza akizungusha kalamu. Mama Alama alipomaliza, Mkuu alisema kwamba anapaswa kumwachisha kazi.

"Niachishe. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," alisema Mama Alama. "Ila sikiliza kitu kimoja, mwanangu. Umewaambia watu wa mji kwamba walitoka njiani. Hawakutoka. Waliona njia imefagiwa, imekatwa vizuri, ina mawe ya kukanyagia, wakaifuata, kama tunavyowaambia wafuate. Mimi ndiye niliyeipitisha pasipostahili. Usiwafungie lango kwa sababu yangu."

Mkuu aliiweka kalamu mezani. Kisha akasema atampa barua ya onyo, ya mwisho, na muda hadi mvua za pili zipite. Maji yakisafika na bwawani pasiwe na wayo wa mtu, lango litabaki wazi. Wayo mmoja tu, litafungwa. Wakati huo huo yeye atazungushia waya na kuweka bango kubwa jekundu.

Mama Alama akamwomba asiweke. Ukiweka bango la kuwaambia watu wasipite hapa, alisema, umewaonyesha kwamba hapa panapitika. Njia huuawa mdomoni, pale inapoanzia. Mtu asipouona mdomo, hana tamaa ya tumbo. Akaomba jembe, na Bwana Daftari kwa siku mbili.

Walianza na kiti. Wakakibeba begani, shemeji mbele yeye nyuma, mpaka langoni. Hapo Bwana Daftari akakitua, akafungua kitabu, akaandika kwa mwandiko wake wa kulala: kiti kimoja, kimetoka. Akatafuta upande wa walioingia ili alinganishe, akakumbuka, akafunga kitabu. Akasema kwa miaka yote hiyo hesabu yake haikuwa sawa na alilala tu kama mtoto.

Kisha mawe. Hayo Mama Alama aliyang'oa peke yake, kwa sababu hakutaka kuonwa. Kila jiwe alilijua lilivyokaa, na kila moja lilitoka kwenye tope kwa sauti ya kufyonza. Kwenye la saba, ambalo mumewe alizoea kusimama hapo apumzike na kusingizia anatazama ndege, alipiga magoti akalia mpaka akachoka. Halafu akaling'oa. Alitifua udongo ulioshindiliwa na miguu, akapandikiza matete kichopa kwa kichopa, akaacha majani yaliyooza yalale yanavyotaka. Kwenye mdomo wa njia waliviringisha gogo lililokuwa limeanguka lenyewe, akalipachika mimea ya kutambaa. Mwisho akafanya ujanja wa kazi yake: ng'ambo ya pili ya njia ya watoto, sawasawa na pale palipokuwa na mdomo, alipaka alama mpya, nyeupe pee. Jicho la mpitaji hukimbilia alama. Likitazama kulia, kushoto linapita bila habari.

Lakini alijua watu. Ukimnyima mtu maji aliyokwisha kuyaona, ataruka hata ukuta. Akazunguka wiki nzima akitafuta, akapata mwamba mpana, hatua themanini zaidi kwenye njia ile ile ya watoto, mkavu, mgumu, usioumizwa na kiatu. Alipokata matawi matatu, bwawa likaonekana kwa chini, mlima wote ukiwa ndani yake. Alisimama pale akahesabu upya. Hatua themanini. Seremala angezimudu kwa fimbo yake, akipumzika mara mbili. Kama yeye, mtaalamu wa njia, angetafuta wiki moja zaidi miaka ile, lisingekanyagwa hata tete moja. Hilo hakumwambia mtu, na mpaka leo linamuuma.

Kiti wakakipeleka mwambani, na safari hii Bwana Daftari alikiandika kilipoingia.

Mvua za kwanza zikaja zikaenda. Watu walikuja kuuliza ile njia ya bwawani ilikwenda wapi, wakaelekezwa mwambani, wakanung'unika, wakapiga picha, wakazoea. Fundi cherehani alijitwalia upande wa juu wa kiti, akawa anawafokea watoto wanaotaka kushuka kwenye matete kana kwamba bwawa ni shamba lake. Mvua za pili zikaanza. Maji ya mabomba yalipauka, yakawa meupe, na mwisho wake ukafungua bomba ukasahau kutazama.

Mvua zilipokatika Mkuu akaja na viatu vya shamba na karatasi zake, wakaingia wawili. Alitaka aonyeshwe mdomo wa ile njia, aingie kwa uangalifu mara moja, apime. Mama Alama akatangulia. Akapita alama moja, ya pili, akasimama. Akarudi nyuma. Akatazama gogo, lakini magogo yalikuwa mawili, yote yamefunikwa. Akaingiza mkono kwenye majani, akakuta shina asilolijua. Akaenda mbele tena, akarudi tena, na Mkuu akaanza kumtazama kwa shaka.

"Ni hapa, mama?"

"Sijui."

Alilisema polepole. Katika miaka ishirini na mitatu hakupata kulitamka neno hilo ndani ya msitu ule. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka machozi katikati, na kijana yule, ambaye hakuzoea, alishika karatasi zake akatazama juu ya miti mpaka mama wa watu akamaliza. Kisha akasema wazungukie kwa juu, apime kutoka mwambani. Pale alitazama kwa darubini muda mrefu. Matete yalikuwa yamesimama wima pande zote. Akaandika mstari mmoja, akampa Mama Alama asome: lango libaki wazi.

Jumamosi iliyofuata hakuvaa mabuti. Alivaa viatu vyake vya kawaida na kubeba chupa ya chai, akafika langoni akakuta watu wanne mbele yake. Hakuwapita kama mfanyakazi. Alipanga foleni. Zamu yake ilipofika, Bwana Daftari aliinua kichwa, akaweka mkono kwenye komeo amfungulie kama alivyomfungulia miaka yote tangu msiba. Akaona viatu. Akauondoa mkono, akashika kalamu, akakohoa kidogo.

"Mko wangapi?"

Mama Alama alivuta pumzi.

"Niko mmoja, shemeji."

Akaandika: mmoja. Akamfungulia lango.